Kidole cha Tatu cha Radi

6 Machi, Jinja

Naanza daftari hili kwa sababu sina wa kumwambia. Jana jioni tuliporudi kituoni mbwa wangu, Radi, aliruka kutoka kwenye pikapu kabla sijamwambia ruka. Ukucha wa mguu wa mbele wa kushoto ukanasa kwenye mnyororo wa mlango wa nyuma. Alitoa sauti fupi moja tu, kisha akasimama kwa miguu mitatu akinitazama. Ukucha wa kidole cha tatu ulikuwa umepasuka mpaka kwenye nyama, unaning'inia. Nilimalizia kuukata kwa mkasi, nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa.

Sikuandika kitu katika kitabu cha banda la mbwa. Wiki ijayo tunahamia Mbale, na anayehamishwa ni askari na mbwa wake, wote wazima. Mbwa mgonjwa hurudishwa Kampala. Akipona anapewa mtu mwingine, na mimi nitapelekwa kusimama mlangoni pa benki. Nimekuwa na Radi miaka mitatu. Ananijua hata nikikohoa.

Ni ukucha tu.

8 Machi

Asubuhi anachechemea, jioni hapana. Mvua ya kwanza imenyesha.

9 Machi, Jumapili

Nilimpitisha Radi kwa Mama, mtaani Nalufenya. Mama anaitwa Milly, ila sasa hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Aber kwa wote, kwa jina langu. Yeye ni Mteso, baba alikuwa Mwacholi, walikutana kambini wakiwa hawana lugha ya pamoja ila Kiswahili, ndiyo maana nami nakiandika. Alimtazama Radi kwa mbali, mkono kiunoni.

"Huyo mbwa anasimama kama mimi siku goti likiniuma."

"Ni ukucha tu, Mama."

"Mjomba wako kule Soroti, ulikuwa msumari tu."

Nikabadilisha mazungumzo.

12 Machi, Mbale

Tumefika. Mvua njia nzima. Radi ana banda zuri nyuma ya kituo, sakafu ya saruji. Mimi nimepata chumba Namakwekwe, mwendo wa dakika kumi na tano.

Mkuu wa kitengo cha mbwa hapa ni Afande Matia, sajini, mnene, mcheshi. Alimpapasa Radi kichwani, akamwangalia meno na masikio. Miguu hakuiangalia. Nilishukuru Mungu, kisha nikaona haya kwa kumshukuru kwa jambo kama hilo.

15 Machi

Nanunua chapati asubuhi kwa mtu anayeitwa Magid, anayekaangia barazani mwa chumba chake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Mkewe, Mastula, anakanda unga ndani. Ni mwezi wa Ramadhani. Wao wamefunga, lakini anawakaangia wengine. Nilimuuliza kama haoni taabu. Akasema, "Afande, funga yangu si funga yako. Wewe kula."

19 Machi

Kidole kimevimba kidogo. Chumvi. Kitambaa kipya.

20 Machi

Chumvi. Kitambaa kipya. Mvua.

23 Machi

Uvimbe umeshuka! Alikimbia uwanjani kama zamani. Nililala usingizi wa kweli.

28 Machi

Umerudi. Analamba usiku, asubuhi nakuta kitambaa kimelowa mate. Saruji ya banda haikauki kwa mvua hii. Namwekea magunia, anayasukuma pembeni.

Afande Matia kaniletea mifupa ya ng'ombe kwa ajili ya Radi. Ni mtu mwema. Mara tatu leo nilifungua mdomo nimwambie.

4 Aprili

Hakuna kazi. Natembea uani, narudi, natembea. Nikikaa naona kidole.

8 Aprili, Jumanne

Nitaandika yote.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliitwa kwenye ghala moja la kahawa karibu na Namakwekwe. Mlango umevunjwa, magunia yamekwenda. Mlinzi, Mzee Mafabi, alikutwa amelala kwenye tope, kichwa kimepasuliwa. Alikuwa anapumua. Walikuwa wameshamkimbiza hospitali tulipofika. Lilibaki koti lake tu na fimbo.

Mvua ilikuwa imeacha muda si mrefu. Afande Matia alisema harufu ipo, tuharakishe. Palikuwa na kipande cha kamba kilichoangushwa na wezi. Radi akakinusa, akaondoka. Mwanzo alivuta vizuri, pua chini, kamba yake imekaza mkononi mwangu. Nyuma ya ghala, ng'ambo ya mtaro, akanifikisha kwenye ile barabara inayotengenezwa ambako wamemwaga kokoto.

Juu ya kokoto akaanza kuinua mguu.

Niliona. Watu walikuwa wanatufuata, arobaini au zaidi, na Afande Matia ubavuni mwangu. Nilipaswa kuinua mkono niseme, mbwa ameumia, tuishie hapa. Sikuinua. Radi alisimama, akageuka kunitazama, nami nikavuta kamba. Mbwa anayefuata harufu humvuta askari wake. Kuanzia zile kokoto hakunivuta tena. Mimi ndiye niliyemvuta yeye.

Tukaingia mtaani. Kila mahali maji. Kwenye safu ya vyumba vya kupanga palikuwa na baraza moja kavu, jiko limewaka, majivu ya moto yamemwagwa pembeni. Radi akaenda akalala pale pakavu, akaanza kulamba kidole.

Radi akifika mwisho wa harufu hukaa wima na kubweka. Ndivyo alivyofundishwa, hajawahi kukosea. Leo hakukaa wala hakubweka. Alilala kwa sababu mguu ulimuuma na sakafu ilikuwa na joto.

"Amemshika!" mtu akapiga kelele. "Mbwa amemshika!"

Magid alikuwa amesimama na unga mpaka kwenye viwiko. Aliangalia watu, akamwangalia mbwa, kisha mimi.

"Afande Aber," akasema, "kuna nini?"

Aliniita kwa jina.

Mkono wangu ukaingia mfukoni, ukatoa nyama kavu, nikampa Radi. Hiyo ndiyo zawadi yake anapopata. Nilimpa mbele ya watu wote. Sijui kwa nini. Ninajua kwa nini. Walikuwa wananitazama, na hivyo ndivyo askari wa mbwa anavyofanya mbwa akifika mwisho.

Afande Matia akasema, "Imetosha. Mchukueni."

Walipomtia kwenye gari nilisikia nyuma yetu sauti ya vitu vikivunjwa. Meza, jiko, beseni la unga.

9 Aprili

Mzee Mafabi hajafungua macho. Afande Trevor, mpelelezi, aliniita niandike taarifa. Ni mtu mrefu asiyecheka, namwogopa. Nikaandika: mbwa alifuata harufu kutoka ghalani hadi mlangoni kwa mtuhumiwa. Nikatia sahihi. Maneno yale yanasomeka kama ukweli, na bado ni uongo.

10 Aprili

Nimeanza kumkumbuka Magid vibaya. Kwamba aliamka mapema mno. Kwamba siku moja alikuwa na viatu vipya. Natafuta kwenye kichwa changu kitu cha kumfanya mwizi, nikikipata nakishikilia.

11 Aprili, Ijumaa

Amepelekwa mahakamani. Wizi wa kutumia nguvu, dhamana hakuna. Rumande. Mzee akifa, itakuwa mauaji.

Kidole kinatoa usaha. Nimemwambia Afande Matia kwamba Radi ana homa.

14 Aprili

Leo Mastula alikuja mpaka kwenye waya wa banda. Askari wa getini walishamzoea, kila siku alikuwa akimletea mumewe chakula kabla hajahamishwa. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwa Radi, gauni lake amelikusanya kwa mkono.

"Nimeosha baraza mara saba, afande. Moja kwa udongo. Ndivyo tunavyoosha mate ya mbwa. Mate yametoka. Jina la mwizi halijatoka."

Nikainama kuchukua bakuli la maji la Radi.

"Sikuja kukutukana. Nataka kuuliza kitu, maana mimi mambo ya mbwa siyajui. Mbwa anaweza kukosea?"

"Ni mara chache."

"Na akikosea, nani anajua?"

Nilikuwa bado nimeshika bakuli. Nikasema, "Yule anayeshika kamba."

Akanitazama. Radi alikuwa analamba mguu. Mastula akautazama ule mguu pia, kisha akaondoka bila kuaga. Sijui aliona nini.

15 Aprili

Mvua. Nimebadilisha kitambaa mara nne.

16 Aprili

Mvua. Sikwenda kula. Njia ya kwangu inapita pale kwa Magid, siku hizi nazunguka kwa nyuma, kwenye tope.

17 Aprili, Alhamisi

Nimempeleka Radi kwa daktari wa mifugo, mtaa wa Nabuyonga, bila ruhusa. Anaitwa Daktari Nandutu. Ni mwanamke mfupi, mkali. Nilikuwa nimeshasikia kwamba anafokea watu, na kweli nilimchukia kabla sijakaa.

Alimfunga Radi mdomo, akafungua kitambaa changu, akakitupa kwenye ndoo kwa ncha za vidole. Akaosha. Akakishika kidole cha tatu, akakipinda taratibu. Nilisikia kitu kikisagika ndani, kama mchanga kwenye wali. Radi akalia.

"Unasikia? Huo ni mfupa. Umevunjika, na sasa umeoza. Lini?"

"Wiki moja iliyopita."

"Afande, mimi si mtoto. Mfupa hauozi hivi kwa wiki moja. Lini?"

"Tarehe tano mwezi wa tatu."

Akaandika kwenye kadi. Nilimwona akiandika: wiki sita. Akanieleza bila kuinua kichwa. Ningemleta siku ile, angemfunga kidole pamoja na jirani yake, pamba katikati, mguu ukae mkavu, apumzike wiki sita, na leo angekuwa anakimbia. Sasa kidole lazima kikatwe. Kingekuwa cha pembeni angeweza kurudi kazini. Lakini vidole viwili vya katikati ndivyo vinavyobeba mbwa.

"Atatembea. Atacheza. Kazi ya kufuata nyayo, basi."

Ndipo akaweka kalamu chini.

"Huyu ndiye mbwa aliyemkamata mtu wa chapati?"

"Ndiye."

"Kwa mguu huu?"

Nilisikia mvua kwenye mabati. Hakuuliza tena. Alianza kuuosha ule mguu upya, polepole, kama vile mimi sipo chumbani.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Nimemwambia Afande Matia kila kitu. Nilidhani atanipiga kofi. Badala yake alinivutia kiti, akanipa chai.

"Mwanangu, umeteseka peke yako. Kwa nini hukuniambia?"

Nikalia. Akangoja nimalize. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Sasa sikiliza. Mbwa atakatwa kidole, sawa. Rudi kwa yule daktari, mwambie kwenye kadi aandike wiki moja. Mbwa aliumia baada ya ile kazi. Basi. Kesi itakwenda yenyewe. Kama yule mtu ni safi, korti itamwachia."

"Na kama haitamwachia?"

"Mbwa hana mdomo, Aber. Na wewe usijifanye mdomo wake. Ukisema mbwa alikuwa mgonjwa, kila mtu tuliyemkamata kwa mbwa atasema hivyo hivyo. Utavunja kitengo kizima."

Alinishika bega nilipotoka. Mkono ulikuwa na joto. Huyu ndiye niliyemwita mtu mwema. Na bado sidhani ni mbaya. Hilo ndilo linalonisumbua.

20 Aprili, Pasaka

Nilikwenda kanisani, nikatoka kabla ya mahubiri. Nikatembea mpaka sokoni, nikarudi, nikatembea tena. Nikafika kwenye zile kokoto. Nikasimama pale nikaangalia. Njia inagawanyika: kushoto mtaani, kulia inateremka kwenye barabara kubwa ambako lori linaweza kusimama. Radi aliposimama kunitazama siku ile, pua yake ilikuwa imeelekea kulia.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka vizuri.

22 Aprili

Kidole kimekatwa. Nilimshika kichwa mpaka dawa ya usingizi ilipomshika. Daktari alifanya kazi karibu saa nzima bila kusema, kisha akaniambia, "Njoo uone." Mguu ulikuwa safi, umeshonwa vizuri, kama mfuko. Nilimuuliza kuhusu kadi. Sikumwomba aibadilishe, nilimwomba nakala.

Alinitolea nakala mbili. "Moja waweza kunyang'anywa," akasema.

Nimeacha kumchukia.

24 Aprili, Alhamisi

Saa tatu asubuhi nilibisha kwa Afande Trevor. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, yakaisha yote mlangoni.

"Nimekuja kubadilisha taarifa yangu, afande."

"Ipi?"

"Ya Magid."

Akasoma kadi ya daktari. Akaisoma tena. Nilisubiri afoke.

"Matia anajua?"

"Anajua."

"Amekwambia nini?"

Nikaitazama kadi mikononi mwake. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa. Akanisukumia karatasi tupu na kalamu.

"Unajua ukiandika hii, kazi ya mbwa imekwisha kwako. Labda na zaidi. Mimi siwezi kukukinga."

"Najua, afande."

"Basi andika. Andika ulichokiona, usiandike unachodhani. Na andika kwa Kiswahili unachokijua, wacha Kiingereza cha korti. Nitakitafsiri mwenyewe."

Niliandika kurasa tatu. Kamba. Kokoto. Baraza kavu. Nilipofika kwenye nyama kavu nilisimama, nikamwambia nahitaji maji. Alitoka akayaleta mwenyewe, yule niliyemwogopa tangu siku ya kwanza, akageuka dirishani mpaka nilipomaliza.

25 Aprili

Nimenyang'anywa ufunguo wa banda. Kuanzia kesho nakaa getini.

26 Aprili

Geti.

30 Aprili

Geti. Mvua. Afande Matia hupita bila kunisalimu. Leo alisimama, akasema, "Ulidhani wewe ndiye mwenye dhamiri peke yako," akaendelea. Nimelifikiria neno hilo kutwa nzima.

6 Mei

Nyuzi za Radi zimetolewa. Bado yuko kwa Daktari Nandutu, ambaye amekataa kumtoa. Kituo kilipotuma gari alisema, "Mgonjwa wangu haondoki." Nasikia alisimama mlangoni na koleo mkononi.

11 Mei

Mzee Mafabi amefungua macho. Amemwita binti yake kwa jina. Usiku ule wa ghala haukumbuki kabisa. Anauliza koti lake liko wapi. Kwa hiyo hakuna wa kumtoa Magid, ila karatasi zangu tatu.

13 Mei

Hakuna habari.

14 Mei

Hakuna habari. Nimemkaripia mwanamke mmoja getini bila sababu. Nikamfuata barabarani kumwomba radhi.

19 Mei

Barua kutoka Kampala: Radi ameondolewa kazini. Naruhusiwa kumchukua kama nina mahali pa kumweka. Nina adhabu pia, ya mwenendo. Imeandikwa kwenye faili langu na nimeisoma. Sina la kubisha.

21 Mei, Jumatano

Shtaka limeondolewa. Afande Trevor alipita getini akaniambia kwa maneno manne, "Mtu wako ametoka leo." Wezi wa kweli hawajapatikana. Siku arobaini na tatu.

25 Mei, Jumapili, Nalufenya

Nimemleta Radi kwa Mama. Anachechemea akianza, kisha anasahau.

"Nimelea askari mpaka nimechoka," Mama akasema, "sasa nilee na mbwa wao?" Kufika jioni alikuwa amemkatia kipande cha gunia kavu karibu na mlango, na amenikataza nisimpe mifupa ya kuku.

Nilimsimulia yote. Alisikiliza huku akitwanga karanga. Mwisho akasema, "Na yule mtu umemwona?"

"Bado."

Akaendelea kutwanga.

31 Mei, Jumamosi, Mbale

Nimekwenda. Sikuvaa sare.

Magid alikuwa anajenga jiko jipya kwa udongo, kwenye baraza lile lile. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Mastula aliniona kwanza. Alisimama mlangoni, hakuniambia karibu, hakuniambia ondoka.

"Magid," nikasema, "nimekuja kukuomba msamaha."

Aliendelea kulainisha udongo kwa kiganja.

"Mpelelezi alinisomea ulichoandika," akasema. "Siku ile nilipotoka. Alinisomea chote."

"Ndiyo."

"Nimetoka, nimerudi hapa. Unajua nani ananunua kwangu? Hakuna. Wanasema nimetoa kitu kidogo, ndiyo maana nimetoka. Wanasema mbwa hasemi uongo." Akanawa mikono kwenye beseni, akasimama. "Karatasi yako iko kwenye faili, afande. Watu hawa hawasomi faili. Ulikuja na mbwa mbele yao. Sema mbele yao."

"Sasa?"

"Sasa. Leo ni Jumamosi, wote wapo."

Alitoka hadi katikati ya uwanja wa vyumba, akapiga makofi, akaita kwa Kigisu, lugha ya hapa. Watu wakatoka. Mama mwenye nyumba, mafundi, wanawake waliokuwa wanafua, waendesha boda wawili kutoka njia panda. Niliwatambua baadhi yao. Mmoja alikuwa na sauti iliyopiga kelele siku ile, nilimjua alipokohoa.

"Kigisu hujui," Magid akaniambia. "Na Kiswahili chako ni cha polisi, wakikisikia wanaogopa, hawasikilizi. Wewe sema, mimi nitawageuzia."

Nikaanza. Nikasema jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya. Akatafsiri. Nikasema mbwa aliumia kidole tangu Jinja, na mimi nikaficha. Akatafsiri. Nikasema juu ya kokoto niliivuta kamba, mbwa hakuvuta. Akatafsiri, na kwa mikono yake akaonyesha kamba, ilivyolegea. Nikasema mbwa alilala hapa kwa maumivu na kwa sababu hapa palikuwa pakavu, hakuwa amefika mwisho wa harufu yoyote. Sauti yake ilikuwa sawa, kama mtu anayesoma habari za mwingine. Hakuongeza kitu, hakupunguza. Mastula alikuwa amekuja kusimama nyuma yake.

Nikasema, "Nilijua, na nikampa mbwa zawadi."

 Uwanja wote ukamngoja Magid. Alitazama mikono yake, ilikuwa bado na udongo kwenye kucha. Mara hii alipotafsiri, sauti ilimkatika katikati ya neno.

Mama mwenye nyumba, mwanamke mzee, akaweka mkono nyuma ya sikio, akauliza kitu.

"Anasema hakusikia la mwisho," Magid akaniambia. "Rudia."

Nikarudia. Akatafsiri tena, kwa sauti kubwa, mpaka mwisho.